Rimu za Kung'aa na Simu ya Saskatoon

Majirani zangu, yaliyompata Lavonne Hrynkiw tunayajua sote, ila tunayasema kwa kunong'ona. Leo nayasema kwa sauti.

Nyumba yao ilikuwa ya amani. Oktoba ile ngano ilishaingia ghalani. Lavonne anakunja vareniki, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, jikoni, mumewe Orest anamsomea bei za nafaka gazetini na kumtania. Lavonne alikuwa mgonjwa wa figo. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na ule ulikuwa mwaka wa nne akingoja figo ya kupandikizwa. Daktari alimwonya: simu ikilia, ndani ya saa nne uwe hospitalini mjini Saskatoon. Safari yenyewe ni saa mbili na nusu, na nusu ya njia ni kokoto.

Hapo Orest akaingiwa na wazimu wa rimu. Shemeji yake alikuwa na pikapu mpya yenye rimu za kung'aa, na kila Jumamosi wanaume waliizunguka nje ya uwanja wa barafu wakiisifu. Basi Orest akaniletea gereji rimu nne za alumini, pana, zinang'aa, na tairi zake nyembamba.

"Fundi, nifungie hizi."

"Za kiangazi hizo. Theluji inakuja, wewe ndiyo kwanza unavua rimu za chuma?"

"Zina kutu, bwana! Nikae na makopo yale mbele ya shemeji?"

"Chuma kikigonga shimo kinapinda, unakipiga nyundo unaenda. Hizi za bei chee zikigonga kwenye baridi zinapasuka. Na njia yako inavuka reli."

"Wewe ukifa utazikwa na kutu yako!" akacheka.

Nikamfungia. Ndiyo, mimi! Nilijua, na bado nikakaza nati. Tairi la spea nalo akaling'oa chini ya gari akaliacha ghalani, eti rimu yake ya chuma inaharibu sura.

Lavonne alimwuliza, "Na simu ikilia, mzee?"

"Tutafika kwa madaha, mama."

Simu ililia Januari, saa nne asubuhi, baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri. Figo imepatikana, njoo kabla ya saa nane mchana. Lavonne alilia kwa furaha huku akivaa buti. Nusu saa baadaye walifika kwenye reli, pale barafu ilipoinua barabara. Gari likadunda. Rimu ya mbele ikapasuka, upepo wote ukatoka. Spea hakuna. Mtandao hakuna.

Orest akashuka. Na sikilizeni alichofanya, maana Lavonne mwenyewe alinisimulia: alipiga magoti, akaanza kufuta theluji kwenye rimu kwa mkono wa koti, aone imechubuka kiasi gani.

"Orest! Unaifuta?"

Walikaa garini wakitetemeka mpaka karibu saa saba, lilipopita lori la nafaka likawachukua. Walifika saa tisa na nusu.

"Tulikupigia mara sita, mama," muuguzi alisema taratibu. "Figo haingoji. Ameshapewa mwenzako aliyefuata."

Wiki hiyohiyo Orest alirudi kwangu na zile za chuma. Nilizifunga, naye hakuniangalia. Simu ya pili haikuja. Lavonne tulimzika Mei.

FUNZO

Alumini haina dhambi. Ni nyepesi, haishiki kutu, na iliyo imara, kwenye lami nzuri, ina kazi yake. Wenye dhambi ni sisi tunaomsifu mtu kwa king'aacho na kumcheka kwa kimfaacho. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nawaambia bila kumung'unya maneno: Orest alijua ana mgonjwa, nami nilijua, nanyi mlijua. Tairi la gari lichagueni kwa njia linayopita na mtu linayembeba, si kwa macho ya wanaosimama pembeni. Wale waliosifu rimu zile, hakuna hata mmoja aliyekuwa pale relini.