Sura Kumi na Moja

Maiti zilikuwa kumi na moja. Zilikuwa zimelazwa kifudifudi juu ya meza ya mkutubi, na kila moja ilikuwa imekatwa mwishoni.

"Usicheke, afande," mkutubi alisema.

"Sicheki."

"Wenzako walicheka kwenye simu."

Inspekta alitoa barua mfukoni. Ilikuwa imefika kituoni siku mbili baada ya simu hiyo, bila sahihi, imeandikwa kwa penseli: *Katika maktaba ya hospitali kuna mwizi wa sura za mwisho. Tangu tarehe 7 amekwishachukua kumi na moja. Tumeni mtu mpole.* Mkuu wa kituo alikuwa ameisoma mara mbili, akamtazama kila mtu ofisini, kisha akamkabidhi yeye.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja, kati ya dirisha la dawa na stoo ya mashuka. Rafu mbili zilijaa riwaya za upelelezi za aina ile tulivu: mtu anakutwa amekufa bustanini au hotelini, hakuna damu ya kuchafua zulia, na kabla chai haijapoa watu wote wanakusanywa sebuleni ili mhalifu atajwe. Wagonjwa wa muda mrefu walizipenda kuliko vitabu vyote, na walikuwa wamejiwekea utaratibu. Kila kitabu kilikuwa na kadi nyuma ya jalada. Msomaji alipoifikia sura ya mwisho alikifunga kitabu, akaandika kwenye kadi jina la anayemshuku, ndipo akaendelea. Akipatia, alitia alama ya vema. Akikosea, alitia alama ya mkasi, na wodi nzima ilimcheka.

Inspekta alikiinua kitabu cha kwanza, kielelezo chake cha kwanza. Kurasa zilikuwa zimekatwa kwa wembe, kwa mkono uliotulia. Halafu aliona jambo jingine, akachukua kioo cha kukuzia. Kando ya mkato, mwizi alikuwa ameushona mgongo wa kitabu kwa uzi mwembamba wa buluu ili kurasa zilizobaki zisifumuke. Kila mshono ulipoishia, sindano ilikuwa imerudi nyuma mara tatu.

"Mwizi gani huyu," alisema polepole, "anayemfunga bandeji aliyemjeruhi?"

Mkutubi alisogea, akautazama mshono.

"Nani ameazima vyote hivi?"

"Mwalimu, kitanda cha nne. Alifundisha hesabu miaka thelathini na sita. Masikini, ndiye aliyeumizwa zaidi. Kila akifika mwisho, hakuna mwisho."

Inspekta alizipitia kadi. Mstari wa Mwalimu ulikuwapo kwenye kila moja: jina la mshukiwa na tarehe, bila vema wala mkasi. Kila tarakimu saba ilikuwa imekatwa mstari kiunoni. Ndivyo ilivyokuwa saba ya barua.

"Kadi ya kitabu cha kumi na moja iko wapi?"

"Amebaki nayo. Anasema bado anaiandika."

Wodini, sauti ilimpokea kabla hajaingia mlangoni. Ilikuwa ya mgonjwa wa kitanda cha tano, mguu wake umening'inizwa ukiwa ndani ya plasta. Wote walimwita Redio. Kitanda cha nne kilikuwa kitupu. Mwalimu alikuwa amepelekwa kupigwa picha.

"Inasemekana hutaja wauaji kwa sauti kabla wenzako hawajamaliza kusoma," inspekta alisema.

"Mara mbili tu. Ya tatu nilikuwa usingizini."

"Umekata sura yoyote?"

"Mimi? Afande, nikizikata nitatangaza nini?"

"Nani humtembelea Mwalimu?"

"Binti yake, fundi cherehani. Saa kumi kamili, hakosi. Ndiye anayemletea vitabu na kuvirudisha." Redio alishusha sauti kwa mara ya kwanza. "Zamani tulitaniana. Siku hizi hata salamu hanipi. Ana macho ya mtu anayeshikilia mlango usifunguke."

Mwalimu alirudishwa kwenye kiti cha magurudumu, mwepesi kama nguo zilizoanuliwa. Wauguzi walipomlaza, inspekta aliutazama upindo wa foronya. Uzi ulikuwa wa buluu. Mwisho wa upindo sindano ilikuwa imerudi nyuma mara tatu.

"Umeona," Mwalimu alisema.

"Nimeona. Na wewe ndiye uliyetuandikia."

"Saba zangu hizo. Niliwafundisha watoto kuikata saba ili isifanane na moja. Sikujua kama ningewafundisha na polisi."

"Unamjua mwizi."

"Mama yake alimfundisha kushona akiwa na miaka tisa. Alimwambia, rudi nyuma mara tatu, uzi usikukimbie." Alitafuta pumzi. "Fanya upelelezi wako, afande. Atakuja saa kumi. Fanya kama vitabuni: watu wakusanyike, useme yote, bila kelele."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe?"

"Nimejaribu. Nikifungua mdomo ananipa dawa. Nikiufungua tena anatandika kitanda upya." Macho yake yalihamia dirishani. "Unajua kwa nini nilivipenda vitabu hivi? Mimi nimezika mke na kaka wawili, na hakuna aliyekuja kunieleza kwa nini. Mle ndani, kila kifo kina sababu, na yupo mtu mwenye adabu wa kuisema. Unafunga kitabu, unalala. Ni raha kubwa hiyo, wala usiidharau."

Inspekta hakuidharau. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa ameketi maktabani na kielelezo cha kwanza, akiitafuta alama ya wembe, akajikuta amesoma kurasa arobaini. Alipofika kwenye mkato aligeuza jalada la nyuma kwa hasira ya mtoto.

Saa kumi kamili binti aliingia na mkoba wa turubai. Alimkuta mkutubi amesimama dirishani, Redio amenyamaza, na mgeni ameketi kando ya kitanda cha baba yake. Alielewa papo hapo. Aliukumbatia mkoba.

"Dada, karibu ukae," inspekta alisema.

"Nitasimama."

"Unatumia wembe kufumulia mishono?"

"Kila fundi anao."

"Na uzi wa buluu?"

"Unauzwa kila duka."

"Kurudi nyuma mara tatu hakuuzwi dukani. Kumo kwenye foronya hii na kumo kwenye vitabu kumi na kimoja. Sura ziko wapi?"

Binti aliufungua mkoba, akatoa bahasha kubwa, akailaza kitandani. Sura zilikuwa zimepangwa kwa utaratibu, kila moja imeshikizwa kwa mshono mmoja.

"Sikuweza kuzitupa," alisema. "Sikuzisoma pia. Naapa."

"Kwa nini ulizikata?"

"Daktari alisema amebakiza wiki mbili." Sauti yake ilikuwa kavu. "Baba alikuwa na kitabu mkononi. Akamwambia, daktari, mimi siendi popote kabla sijamjua muuaji. Daktari akacheka. Mimi sikucheka. Usiku huo nilifikiri, basi asimjue." Alijifuta uso kwa kiganja. "Wiki mbili zikapita. Ya tatu ikapita. Akimaliza kitabu bila mwisho, nampa kingine. Leo ni wiki ya sita. Niambie, afande, wewe ungeacha?"

Inspekta aliitazama bahasha.

"Nishtakini," binti alisema. "Lakini msimpe."

"Mwanangu," Mwalimu aliita.

"Nyamaza, baba, utachoka."

"Nimechoka tayari." Alinyoosha mkono. Vidoleni mwake mlikuwa na kadi iliyokosekana. "Soma."

Binti aliichukua. Kwenye nafasi ya mshukiwa yaliandikwa maneno mawili: *Binti yangu.* Tarehe haikuwa ya jana wala ya juzi. Ilikuwa tarehe 7, saba ikiwa imekatwa kiunoni.

"Ulijua tangu kitabu cha kwanza?"

"Tangu mshono wa kwanza. Nikasema, ana haja ya siku hizi, nimpe. Kila asubuhi nilijikaza kwa ajili yako. Sasa maumivu yamekuwa makubwa kuliko mimi, mama." Alimwita hivyo kama alivyomwita utotoni. "Nisomee hiyo ya kumi na moja."

"Kesho."

"Leo."

Redio aligeuza uso ukutani. Mkutubi alitoka. Binti aliketi ukingoni mwa kitanda, akaufumua ule mshono mmoja kwa wembe wake, akaanza kusoma. Alisoma polepole kupita kiasi, akirudia sentensi ambazo hazikuhitaji kurudiwa, na baba yake alimwacha arudie. Zilipobaki aya mbili alisita. Mwalimu alimshika kifundo cha mkono, na binti akamaliza.

Mwalimu alifariki siku tatu baadaye, alfajiri.

Inspekta alilifunga jalada la kesi kwa sentensi moja: *Mali yote imepatikana, mlalamikaji ameridhika.* Juma lililofuata alirudi hospitalini, bila kutumwa. Alimkuta binti maktabani, anazishona sura kumi zilizobaki mahali pake. Alivuta kiti, akakichukua kielelezo cha kwanza, akaisoma sura yake ya mwisho, kisha akaitazama kadi. Mwalimu alikuwa amepatia. Inspekta alimtilia vema.

Alifanya hivyo kwa kila kitabu binti alichokimaliza, siku hiyo na alasiri mbili zilizofuata. Vema tisa. Kwenye cha kumi penseli yake ilisimama juu ya kadi.

"Vipi?" binti aliuliza.

"Amekosea. Alimshuku mtunza bustani."

Binti aliweka sindano chini. Kicheko kilimtoka kifupi, kikamshtua mwenyewe.

"Angebisha mpaka jioni," alisema, na hapo ndipo alipolia.

Inspekta alitia mkasi, kwa sababu ndio uliokuwa utaratibu.