Jembe la Kang'ata

Kila alipotoka shule, Zuena alipita nyumbani, akachukua bakuli la ugali na mlenda, akampelekea shangazi yake shambani. Mahindi na mtama vilipokaribia kukomaa, Shangazi Mwantumu alishinda juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, akililinda shamba la kijiji. Nyani wa Kang'ata hawakuwa na adabu. Ukisinzia kidogo tu, wamekwisha beba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza, ubeti huu usinitoroke!"

Shangazi aligonga debe kwa kijiti huku akipaza sauti, akipima mizani ya shairi lake. Nyani walikimbia, na shairi likakamilika. Jioni aliliandika kwa mkono wake mwenyewe, maana elimu ya watu wazima ilikuwa imemfungua macho, kisha akalituma gazetini. Chini yake aliandika "Jembe la Kang'ata". Aliogopa watu wasije wakasema, mwanamke huyu anajitia nini? Hata kaka yake, Mzee Mdoe, babake Zuena, hakujua. Siri ile aliijua Zuena peke yake.

Watoto wa njiani walisikia kelele tu.

"Zuena!" Kudra, waliyesoma naye darasa moja, alimtania. "Shangazi yako leo kawafundisha nyani darasa la ngapi?" Wenzake wakaangua kicheko.

Siku moja Mwalimu Yordani aliingia darasani na gazeti, akasoma shairi la kusifu kilimo cha pamoja, lililoandikwa chini yake "Jembe la Kang'ata". Darasa likatulia tuli.

"Mshairi huyu ni wa hapa hapa kwetu," alisema. "Nani anamjua?"

Moyo wa Zuena ulijaa fahari. Akasimama. Mara akamwona Kudra anamtazama, na vile vicheko vikamrudia masikioni.

"Ni baba yangu, Mwalimu."

"Mzee Mdoe seremala? Kumbe!"

Darasa zima lilipiga makofi. Yalikuwa matamu, lakini yalipokwisha Zuena alikaa, akainamia daftari lake.

Wiki iliyofuata, kijiji kilifungua ghala lake jipya. Alifika mgeni kutoka Ngombezi, kule Korogwe. Aliitwa Bonaventura, mkata mkonge na mshairi, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akijibizana na Jembe gazetini. Sasa alitaka kumwona uso kwa uso. Mwalimu Yordani akamwita Mzee Mdoe mbele. Mzee Mdoe akatoka akitabasamu, akidhani anapongezwa kwa milango ya ghala aliyoitengeneza.

Bonaventura akakohoa, akaanza:

Nimetoka Ngombezini, kukuona mkulima,
Tungo zako gazetini, kila juma nazisoma,
Lakini wewe u nani, jinalo hukulisema,
Jembe toka mafichoni, unijibu kwa heshima.

Desturi ya washairi ni kujibu papo hapo, kwa vina vile vile. Watu wote wakamgeukia Mzee Mdoe.

"Mimi?" alisema. "Jamani, mimi na mashairi wapi na wapi?"

"Mjibu, Mzee Mdoe! Usitutie aibu!" watu walipiga kelele.

Jasho lilimtoka Mzee Mdoe. Zuena aliangalia upande wa akina mama. Shangazi Mwantumu alikuwa ameinamisha kichwa, mkono mdomoni. Jibu alikuwa nalo, Zuena alilijua hilo. Lakini akilitoa, atamwaibisha kaka yake mbele ya kijiji. Afadhali anyamaze, na sifa yake ipotee.

Zuena alisimama.

"Si baba!" alisema. "Baba hajui lolote. Nilidanganya mimi. Jembe la Kang'ata ni Shangazi Mwantumu. Niliona haya kumtaja kwa sababu mnamcheka."

Shangazi Mwantumu akainuka taratibu, akakaza kanga yake, akajibu:

Karibu sana mgeni, Kang'ata kwenye mtama,
Mwantumu niko dunguni, na nyani nikiwasema,
Nilikaa mafichoni, woga ulinisakama,
Leo niko hadharani, mwanamke nasimama!

Vigelegele vilipasua anga. Bonaventura alivua kofia. "Mwaka mzima mama huyu ananitoa jasho," alisema, "kumbe alikuwa anawapiga vita nyani huku ananipiga na mimi!" Kudra alicheka, safari hii kwa furaha, akapiga makofi kuliko wote.

Baadaye Zuena aliwaendea baba yake na shangazi yake, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, baba. Nisamehe, shangazi."

"Nimekwisha kukusamehe," alisema Shangazi Mwantumu, akimvuta kifuani. "Mimi nimeogopa mwaka mzima. Wewe umenitangulia kusimama."

Mzee Mdoe alimshika bintiye bega. "Sikiliza, Zuena. Sifa ni jasho la mtu. Ukimvika asiyestahili, umewaonea wawili: yule uliyemnyang'anya na yule uliyembebesha asichokiweza. Na kazi ya halali haina aibu, hata wajinga wakiicheka. Aliyetunga shairi lile ni dada yangu wa tumbo moja. Mtaje kwa jina lake, na ulitaje kwa sauti."