Agnela Hasikii Filimbi

Kila asubuhi Paskalina alijitwika furushi lake la mitumba. Alifunga mlango kwa kufuli. Ndani ya chumba alimwacha binti yake Agnela, mtoto wa miaka kumi. Kisha alikwenda sokoni.

Msimwone katili. Mimi nilipanga chumba cha pili, ua mmoja na wao, pale mtaa wa Levolosi. Namjua vizuri. Alikuwa anaogopa. Lakini hofu yake, jamani, ilipita kiasi!

Agnela alikuwa kiziwi. Aliugua homa ya uti wa mgongo alipokuwa mdogo. Alipona, lakini hakusikia tena. Kisha ikaja siku ya mto. Mjini jua lilikuwa kali, lakini huko juu, Mlima Meru, mvua kubwa ilinyesha. Maji yalishuka ghafla. Watoto waliokuwa wakicheza na Agnela mtoni walisikia mngurumo, wakakimbia. Agnela hakusikia. Mama mmoja aliyekuwa akifua alimvuta kwa gauni. Nusura maji yamchukue.

Tangu siku hiyo Paskalina hakuwa na raha. Mtoto akawa wa kufungiwa.

Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Mitumba ilijaa sokoni. Hata bwawa la kuogelea la klabu moja, ambalo zamani lilikuwa la wanachama peke yao, sasa lilipokea watu wote. Binti mmoja, Nisha, alifundisha kuogelea hapo kila Jumamosi. Baba yake alikuwa na duka la misumari na mabati. Nisha aliogelea akiwa amevaa suruali na shati la mikono mirefu. Mwanzoni wenye klabu walimkatalia. Alibishana nao mpaka wakakubali, na akina mama wengi wakamfuata.

Asubuhi moja Nisha alikuja uani kwetu kuchagua sweta, Paskalina akiwa ndiyo kwanza amefunga mlango aende sokoni. Akasikia mlango unagongwa kwa ndani.

"Mama Agnela, nani yuko humo?"

"Mwanangu. Hasikii, mwalimu. Nikimwacha nje, mto utamchukua."

"Na moto ukitokea humo ndani, atatokea wapi?"

Paskalina akashusha furushi, akakaa juu yake. Jambo hilo hakuwahi kuliwaza hata mara moja. Alifungua kufuli pale pale, na tangu siku hiyo Agnela alishinda nami.

"Mlete bwawani," Nisha akasema.

"Nikamuue kwa mikono yangu mwenyewe?"

"Ataanza penye maji ya kifuani. Mtu mzima atakuwa karibu naye, wa kumshika. Masikio hayaogelei, mama. Mikono na miguu ndiyo inayoogelea."

"Utamwitaje akiwa majini?"

"Kwa mikono. Kiganja kikiwa juu hivi, maana yake simama hapo ulipo. Nikipunga, maana yake njoo. Lakini sikia: mtoni asiende. Hata anayejua kuogelea, mto ukijaa haumwachi."

Paskalina alikubali kwa shingo upande. Kila Jumamosi alisimama ukingoni, asimwondolee mtoto macho. Sisi tuliomsindikiza tulimtania kwamba ataota mizizi pale. Hakucheka.

Agnela alishika haraka. Alijifunza kupiga miguu, kisha kulala chali juu ya maji. Lakini watoto wengine hawakujua zile ishara. Wao walitii filimbi ya Efraimu, mlinzi wa bwawa.

Jumamosi moja radi ilipiga upande wa mlima. Efraimu alipuliza filimbi. Radi ikipiga, watu wote hutoka majini. Watoto walikimbilia ukingoni wakipiga kelele. Mmoja aliteleza, na Nisha akatoka kumwinua. Agnela akabaki peke yake katikati, amelala chali, amefumba macho.

"Agnela!" Paskalina alipiga ukelele. "Agnela, toka!"

Nani angemsikia? Filimbi ililia tena. Mtoto hakutikisika. Mama akaona mto ule ule umerudi kumchukua mwanawe. Hakufikiri. Alijitupa majini na kitenge chake na sweta lake, tena upande wa kina kirefu. Na kuogelea hajui!

Alizama. Aliibuka akitapatapa, akazama tena. Maji yalimwingia puani na mdomoni.

Mawimbi yalimgusa Agnela. Alifumbua macho, akamwona mama yake. Akageuka ili aogelee kwenda kwake. Mtu anayezama hukamata chochote. Angemkamata mtoto, wote wawili wangekwenda chini.

Nisha alikimbia mpaka mbele ya macho ya Agnela, akainua kiganja juu.

Agnela akamtazama mama yake. Akakitazama kile kiganja. Alikuwa analia, lakini alisimama pale alipo. Nisha akapunga mkono, na mtoto akatoka kwa ngazi.

Efraimu alikuwa ameshalala kifudifudi ukingoni, ameunyoosha mti mrefu. "Shika, mama! Shika!" Paskalina aliushika. Wakamvuta.

Alikohoa sana. Alipopata pumzi alimkumbatia mwanawe.

"Mama, usirudie," Efraimu akasema. "Usimrukie mtu majini. Mnyooshee mti, au kanga, au mtupie tyubu ya gari iliyojaa upepo, halafu uite msaada."

"Na kosa ni letu pia," Nisha akasema. "Tulitegemea filimbi peke yake. Na mimi sikupaswa kumwacha bila mtu."

Wiki iliyofuata mambo yalibadilika. Filimbi ikilia, Efraimu aliinua pia kitambaa chekundu juu ya mti. Watoto wote walijifunza ishara za mikono. Kila mtoto alipewa mwenzake wa kumwangalia. Hope, msichana ambaye mguu wake ulipooza kwa polio, akawa mwenzake Agnela. Hope alisikia kwa niaba ya wote wawili, na Agnela alimshika mkono kwenye ngazi.

Na Paskalina? Alijiandikisha darasa la akina mama! Alivaa suruali aliyoitoa kwenye furushi lake. Siku ya kwanza aling'ang'ania ukingo mpaka vidole vikamuuma. Siku nyingine akathubutu kuzamisha uso. Alipoinuka alishangaa.

"Kumbe huko chini hata mimi sisikii kitu!"

Baadaye alifika mama mmoja kutoka kijiji cha Nkoaranga, jina lake Elihuruma. Alimleta mwanawe asiyeona. Alisimama mbali na maji, amemshika mtoto kwa nguvu.

"Dada," akamwita Paskalina, "wewe hofu ilikuisha lini?"

Paskalina alikuwa ndani, maji yakimfika kifuani.

"Haijaisha," akajibu. "Naogopa mpaka sasa hivi ninavyoongea nawe. Mlete mtoto, na wewe uingie. Njoo tuogope wote huku huku ndani."