Bustani ya Wasioliliwa

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata mpangaji wetu, hapahapa Mbugani, Kyela, na mimi Tereza ndiye niliyekuwa nikimpakulia chakula.

Jovitus alikuwa msanifu majengo, mtu wa Bukoba, mpole, aliyefiwa na mkewe. Alikuja kusanifu bustani ya mji kwenye kile kichaka kilichobaki kati ya maduka na mashamba ya mpunga. Mwingine angekata miti yote. Yeye alikataa. Alichora ukumbi usio na kuta, unaopinda kuifuata miti, na mabenchi ya zege yanayotazamana.

"Mtu wa mjini apate pa kukaa na mwenzake kivulini, bila kulazimika kununua soda," aliniambia.

Mabenchi yalikamilika kwanza. Hakuna aliyekuja kukaa.

Andongwisye, jirani yetu mwendesha bajaji, ndiye aliyenieleza sababu. Zamani ndui ilipita hapo, na waliokufa walifukiwa kichakani harakaharaka. Watu waliogopa kusogea. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyekaa matanga.

Nilimsimulia Jovitus. Akatabasamu kidogo tu.

"Basi nitakaa mwenyewe, dada. Nimezoea."

Akawa anakwenda kila mchana. Watu wanapita barabarani na mizigo yao, yeye yuko peke yake chini ya miti. Kisha nikaona amebadilika. Anakula upesi. Hamalizi. Nikamuuliza anakimbilia wapi.

"Wananisubiri. Siku hizi wanakuja, dada Tereza. Wanakaa."

Nilifurahi kwa ajili yake. Siku moja nikafunga ndizi kwenye bakuli, nikamfuata. Jua lilikuwa kali, lile joto la Kyela linalolaza hata mbwa. Nilipoingia kivulini jasho likanikauka mwilini. Baridi. Ndege kimya.

Jovitus alikuwa amejibana mwisho wa benchi, kama mtu aliyewaachia wengine nafasi. Anatikisa kichwa. Anasikiliza. Mabenchi yote yalikuwa matupu.

Nikakaa kwenye benchi la mbele yake.

Akaniinamia, akanong'ona, "Inuka, dada. Umemkalia mtu."

Niliruka. Bakuli likanitoka mikononi. Sikulisikia likigonga chini.

Jioni nilimsihi arudi kwao. Alikuwa na dada yake, Dainess, kule Bukoba.

"Kule nikitoka kazini nyumba ni tupu," alisema. "Hapa nikichelewa, wananiuliza nilikuwa wapi."

Lakini meno yalikuwa yakimgongana kwa baridi, na mwishowe akakubali. Asubuhi Andongwisye akaja na bajaji kumpeleka stendi. Nilipanda nao. Tulipofika kwenye bustani, Jovitus akaomba tusimame.

"Niwaage tu. Si vizuri kuondoka kimyakimya."

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi kama samaki. Akauchomoa taratibu.

"Ndaga, dada," alisema, akinishukuru kwa Kinyakyusa alichojifunza kwetu. Akashuka.

Tulimwona akikaa. Lori la kokoa likapita kati yetu na yeye. Lilipokwisha kupita, benchi lilikuwa tupu.

Andongwisye alikimbilia upande mmoja, mimi mwingine. Tuliita. Watu wakaja, hata wale wasiowahi kukanyaga pale, wakafyeka mpaka kwenye mpunga. Polisi wakaja. Hapakuwa na kiatu. Hapakuwa na unyayo. Begi lake lilibaki kwenye bajaji, na ndani yake simu ikawa inaita. Dainess alitaka kujua kama kaka yake ameshapanda gari.

Alisafiri mpaka kwetu. Akataka aone mahali penyewe. Watu walibaki barabarani, nami nilisimama penye mti wa kwanza, nikashindwa kusogea zaidi. Dainess alikwenda akakaa, akajishika kichwa, akalia. Alilia kwa sauti, kwa lugha ya kwao, akimwita kaka yake, mpaka sauti ikamkauka.

Hatimaye akainuka, akanijia akijipangusa uso.

"Asante, dada," aliniambia. "Umenipapasa mgongo muda wote. Nimepata nguvu."

Alipotangulia kuelekea barabarani, ndipo nilipouona mgongo wa gauni lake. Viganja vya udongo. Vipana, vyembamba, kimoja juu ya kingine, toka mabegani mpaka kiunoni.

Mvua ilikuwa haijanyesha muda mrefu. Udongo ule ulikuwa bado unachuruzika.