Ngoma Yangu, Kata Yako

"Mtumbwi umepasuka," Zubeda, mwenzangu wa chama cha mtumbwi, aliniambia, hata kanga hajaitoa kichwani. "Shoga, umepasuka kuanzia mbele mpaka katikati."

Nilikuwa nimekaa mkekani chumbani kwa somo wangu wa kunifunda, Bi Kazija, kule Kibuta nilikorudishwa kwa baba kutoka Kibaha, liwa ya sandali uso mzima. Nilikuwa mwali wa kuolewa, na mwali hatoki nje mpaka siku ya ndoa. Ndoa yangu na Kibwana ilikuwa Ijumaa. Mashindano ya mitumbwi ya Saba Saba, kwenye Mto Ruvu, yalikuwa siku inayofuata, kabla ya ndoa.

"Umepasukaje na unakaa majini?"

"Kibwana aliutoa. Kaupaka rangi nyekundu na kijani, kauanika ukingoni, eti mgeni rasmi aukute unang'aa. Jua limeupiga mpaka umeachia."

Ngoja niwaeleze, msije mkadhani nalilia gogo. Mtumbwi wetu unaitwa Sikomi. Tuliuchonga wenyewe kwenye mti mmoja wa mkongo, vijana wa Kibaha tuliojitolea, hakuna aliyelipwa hata chai. Watu kumi na wanne wanapiga makasia, mmoja anakaa mbele na ngoma, na mapigo ya ngoma ndiyo mwendo wa makasia. Gogo likikauka juani linapasuka, kwa hiyo tunauzamisha kivulini, na kila siku ya mazoezi lazima mtu atangulie alfajiri akumbe maji kwa kata ya kifuu mpaka ndani kukauke. Utaratibu wa chama chetu ulikuwa huo: mkumba maji ndiye mpiga ngoma, na mpiga ngoma ndiye kiongozi.

Uongozi kila mtu aliutaka. Kukumba maji sasa, walikuwa wanatafutana. Nilikumba mimi Mwanaamina, mvua na kiangazi, na siku ya uchaguzi mikono ikanyooshwa kwangu. Kibwana naye aligombea. Akapata mkono wake na wa binamu yake.

Na nilikuwa nampenda, sitawadanganya. Kibwana alikaa benchi la kwanza, ananitazama mimi na ngoma yangu, akicheka tu, nakosea pigo.

"Nani kamruhusu kuutoa?" nikauliza.

"Anasema sasa kiongozi ni yeye. Kesho ngoma anapiga yeye."

"Kachaguliwa lini?"

Zubeda alishusha sauti. "Jana vijana walimuuliza hivyo hivyo. Akawajibu mbele yangu, 'Harusi nimeisogeza mwenyewe iwe wiki hii. Nilijua Amina akishawekwa ndani, ngoma inarudi kwa wanaume.'"

Nikainuka mkekani.

"Si walisema bibi yake mgonjwa mahututi? Anataka aione harusi kabla hajafa?"

"Mgonjwa? Asubuhi hii nimemwacha Maili Moja anauza vitumbua. Nimekula viwili."

Nikavuta upindo wa kanga nikaanza kujifuta liwa. Nusu ikatoka, nusu ikagoma. Bi Kazija akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Mtoni, somo."

"Mwali hatoki. Ukivuka mlango huu umejivunjia ndoa mwenyewe."

"Kama inavunjika kwa mimi kuvuka mlango, na ivunjike."

Akasogea pembeni, huku akinung'unika kwa Kizaramo maneno ambayo sitayarudia hapa.

Baba yangu, Mzee Mwishehe, alikuwa barazani anasuka ungo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akainua macho. "Mwali anatembea mchana?"

"Natembea, baba. Walipokuja kuomba harusi isogezwe, walisema bibi anaumwa nini?"

"Walisema hawezi hata kugeuka kitandani."

"Zubeda kanunua vitumbua kwake leo asubuhi."

Baba aliweka ungo chini. Mzee yule alikuwa mpole, lakini kudanganywa barazani kwake hakukupenda.

"Kwa nini wanidanganye?"

"Ili mimi niwe ndani, Kibwana apige ngoma yangu."

"Kwa ajili ya ngoma tu?"

"Ile ngoma ni kazi yangu, baba. Watu wamenichagua. Leo akininyang'anya kwa uongo nikanyamaza, nyumbani kwake atabakisha nini?"

 Kisha akachukua ungo wake.

"Kukuruhusu sikuruhusu," akasema. "Watu wa Kibuta watanila mzimamzima. Ila jua hili linaniumiza macho, sioni nani anapita."

Tulipita, mimi na Zubeda.

Lori la muhogo lilitushusha Maili Moja alasiri, kisha trela la trekta ya kijiji likatufikisha mtoni. Vijana walikuwa wamekaa ukingoni kama wafiwa. Sikomi ilikuwa imelala juu ya magogo, rangi inametameta, na ufa umeipasua rangi yote ile. Nilipitisha kidole, kikaingia. Hapo machozi yalinitoka, nikayafuta pamoja na liwa iliyobaki.

Kibwana akanijia mbio.

"Amina! Unafanya nini huku? Wewe mwali."

"Nimekuja kuona ulivyouua mtumbwi."

"Nilitaka upendeze. Sikujua jua..."

"Ungejua wapi? Tangu tuuchonge umewahi kuuzamisha hata siku moja?"

 Vijana walikuwa wanatazama miguu yao.

"Harusi nani aliisogeza, Kibwana?"

"Wazee."

"Kibwana."

Alitazama mto, akatazama binamu yake, akakosa wa kumwokoa.

"Mimi," akasema. "Nilisogeza mimi."

"Kwa nini?"

"Unataka niseme mbele ya watu?"

"Ulisema mbele ya watu jana. Leo umepata haya?"

Akanyanyua sauti. "Kwa sababu nimechoka kuchekwa! Pale Maili Moja nikipita wananipigia meza kwa viganja: ti-ti-ti, mke anapiga, mume anafuata. Nikasema, nikishakuoa wewe pumzika, nishike mimi. Ni vibaya mume kushika?"

"Kushika si vibaya. Ungekuja alfajiri ukakumba maji, ningekuachia ngoma kwa mkono wangu. Wewe umekwenda kumlaza bibi yako kitandani, mzima wa afya."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Kibwana alinywea.

"Sasa sikilizeni," nikawaambia wenzangu. "Tuzibe ufa kwa pamba na lami, kisha tuuzamishe mpaka kesho. Mti ukinywa maji utajifunga."

"Ukikataa je?" akauliza binamu yake Kibwana.

"Utavuja, na tutaingia nao hivyo hivyo. Anayeogopa kulowa abaki akashangilie."

Hakubaki mtu. Zubeda alichambua pamba. Wengine wakaenda kwa mafundi wa barabara kuomba lami. Mimi mwali nikashika nyundo. Kibwana alisimama pembeni, kisha taratibu akaja kubeba mawe ya kuuzamishia. Sikumsemesha, wala sikumfukuza.

Siku ya Saba Saba watu walijaa kingo zote mbili. Tulipokwisha kuukumba maji, ufa ulikuwa umejifunga karibu wote, lakini karibu wote si wote. Chini kulikuwa kunachuruzika. Kibwana alipokwenda kukaa benchi lake la kwanza nikamzuia.

"Pale leo anakaa Zubeda. Wewe kaa sakafuni." Nikamkabidhi kata. "Ngoma yangu, kata yako."

"Mbele ya mgeni rasmi, Amina? Mbele ya Maili Moja nzima?"

"Mbele yao hao hao."

Nilidhani atanitupia kata usoni aende zake. Kusema kweli moyo wangu ulikuwa unaomba asiende. Akakunja suruali, akakaa kwenye maji.

Nikapiga. Makasia yakashuka pamoja. Ukingoni wanawake walikuwa wanashangaa: "Yule si mwali? Yule si ana liwa masikioni?" Wengine wakazomea. Nikaongeza pigo. Kila nikitupa jicho nyuma namwona Kibwana ameinama, anakumba, anamwaga, anakumba, jasho na maji hayatengani. Mbele yetu ulibaki mtumbwi mmoja tu, na huo hatukuupata. Tulishika nafasi ya pili, kombe wakachukua wenzetu. Lakini tulifika tukielea, na waliokuwa wakizomea walikuwa wamenyamaza.

Watu walipotawanyika alinifuata, mikono imemchubuka.

"Amina, nimekosa. Nilitaka cheo, sikujua kina mgongo unaouma hivi."

"Sasa unajua."

"Ijumaa ipo au haipo?"

Nilimtazama. Alikuwa amelowa, amechafuka rangi yake mwenyewe.

"Nakupenda, Kibwana, na hilo ndilo linaloniudhi. Ijumaa njoo. Mahari yangu nitaitaja siku hiyo hiyo."

"Wazee wameshakubaliana..."

"Wazee hawaolewi."

Ijumaa akina Kibwana walikuja Kibuta wamejaa baraza, na bibi yake pia, mzima, na bakuli la vitumbua. Nilirudi ndani kwa Bi Kazija, ambaye alinisinga liwa upya huku akinisema, na baba akaingia na mashahidi wawili kuniuliza kama ilivyo desturi.

"Mwanangu, umekubali kuolewa na Kibwana?"

"Nimekubali, baba."

"Mahari yako nini?"

"Mwaka mzima, kila siku ya mazoezi, Kibwana atangulie alfajiri akumbe maji ya Sikomi. Mimi nibaki na ngoma yangu."

Shahidi mmoja akakohoa. "Binti, barazani kuna watu wazima. Tukaseme hivyo?"

"Mkaseme hivyo hivyo, na kwa sauti."

Walikwenda. Nikamsikia shehe akiuliza, "Kazi yaweza kuwa mahari, ikiwa mume ameridhia. Kibwana, umeridhia?"

Bi Kazija akanishika mkono.

"Nimeridhia," Kibwana akasema. Bibi yake ndiye aliyeanza kupiga vigelegele.

Jumamosi ya mazoezi iliyofuata nilijifanya nimelala. Alfajiri nilimsikia akipapasa gizani, akajigonga mlangoni, akachukua kata, akatoka. Nilifika mtoni jua limeshapanda. Wenzangu walikuwa benchini, Kibwana ameketi la kwanza, mikono juu ya magoti, na mtumbwi mkavu kabisa.

"Umechelewa, kiongozi," akaniambia.

Nikapanda, nikakaa na ngoma yangu.