Mbuzi Mwenye Alama ya Bibi

Kila asubuhi, kabla baba yake, Jaysukh, hajafungua duka lao la nguo mjini Bagamoyo, Kokila alifagia baraza. Na kila asubuhi mbuzi wa jirani yao, Mwinyijuma, alipanda pale kudoea dengu. Mbuzi huyo alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na adabu hana.

Siku moja Kokila hakumfukuza. Jana yake walikuwa wamepokea kitabu cha picha kutoka Bombay. Kilionyesha kikongwe akifa, mwili wake ukichomwa, kisha roho yake ikizaliwa tena: mara mtoto, mara ndege, mara ndama. Mama yake, Vimla, alimweleza kwamba ndivyo wao, Wahindu, wanavyoamini.

Kokila akamkazia macho mbuzi. Alizaliwa siku ileile aliyofariki bibi yake Kokila. Alikuwa na doa jeupe kwenye paji la uso, palepale bibi alipopaka alama ya unga wa msandali. Tena bibi naye alipenda dengu kupita kiasi! Kokila alifurahi hata ufagio ukamponyoka. Bibi amerudi.

Mara akaja rafiki yake Mwanamvua, binti Mwinyijuma, kumwalika kwao. Adhuhuri kungekuwa na akika, sherehe ya kumnyoa na kumchinjia mdogo wake mchanga, na mbuzi wa kuchinjwa ni huyohuyo.

Mwanamvua alipoondoka tu, Kokila alimvuta mbuzi kwa dengu hadi ghalani, akamficha nyuma ya marobota ya nguo. Punde mtaa mzima ukawa mbioni kutafuta mbuzi. Mwinyijuma alipopita kuuliza, Kokila alisema hajamwona. Mwinyijuma akasikitika, akasema Mwanamvua ndiye aliyeambiwa amfunge, na sasa analia kwa karipio alilopata.

Kokila hakuweza kuvumilia.

"Mwanamvua hana kosa, baba," alimwambia Mwinyijuma. "Nimemficha mimi. Ni bibi yangu."

Akaleta kitabu, akaeleza yote huku machozi yakimtoka. Vimla alipofungua ghala, mbuzi alitoka akitafuna pindo la kaniki. Mwinyijuma alijikaza asicheke.

"Sisi hatuamini hivyo, mwanangu," alisema, "lakini bibi yako alikuwa jirani mwema. Nina mbuzi wengine zizini, huyu nakuachia. Ungeniomba asubuhi, ningekupa jibu hilihili."

Kokila aliruka kwa furaha, kisha akaona haya. Akaomba radhi, akauliza kama kweli yule ni bibi.

"Hatujui," mama yake alijibu. "Kitabu kinasema roho hurudi, hakisemi wapi. Huenda ni mbuzi huyu. Huenda ni kile kitoto kinachonyolewa leo. Ndiyo maana tunamtendea wema kila kiumbe, na wewe leo umemliza rafiki yako kwa uongo. Nenda kamwombe radhi kwanza, halafu ukambebe mtoto."

Kokila alikuwa ameshafika mlangoni.