Mchicha wa Mbegu

Kila Jumapili Mayasa alimsaidia mama yake kazi za bustani, nyuma ya nyumba yao huko Kensington, Johannesburg. Ilikuwa mwezi Machi, mwaka 1998. Kwao Tanga mama alizoea kupanda mwezi huo, lakini huku mvua zilikuwa zinakwisha na baridi ilikaribia, kwa hiyo ilibidi mazao ya zamani yang'olewe ili vitunguu vipate nafasi.

Jumapili moja mama alikwenda Doornfontein kumjulia hali mgonjwa. Alimwagiza Mayasa ang'oe nyanya na maharage yaliyokauka, ayatie kwenye mfuko wa taka. Mchicha wa ukutani asiuguse, kwani ulikuwa umeachwa ukauke kwa ajili ya mbegu. Mbegu zake zilitoka kwa bibi, ambaye sasa ni marehemu, na mama hakuwa na nyingine.

Mayasa alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Aling'oa kila kilichokauka, akaufunga mfuko na kuuweka getini.

Jioni mama alisimama mbele ya ukuta mtupu, akauliza nani ameugusa mchicha. Mayasa alisema labda ni mbwa wa Mama Victorine, jirani yao Mkongo. Mama aliingia ndani, machozi yakimlengalenga.

Asubuhi, akivaa sare za shule, alisikia gari la taka likinguruma mwanzo wa mtaa. Mama naye alikuwa anajifunga khanga, tayari kwenda kumlalamikia jirani. Mayasa alimkimbilia.

"Mama, usiende. Ni mimi niliyeung'oa. Umo kwenye mfuko, getini."

Walikimbia. Mzoa taka alikwisha kuunyanyua mfuko, lakini mama alimsihi kwa Kizulu, naye akaurudisha. Waliufungua palepale barabarani. Masuke mengi yalikuwa yamepondeka na kuloa, lakini machache yalibaki na mbegu zake nyeusi.

Mama alizikusanya kwenye upindo wa khanga, kisha akamtazama binti yake.

"Kung'oa ulikosea, mwanangu, na ningekusamehe jana ile ile. Lakini uliposingizia mbwa, ulitaka nigombane na jirani asiye na kosa, na mbegu za bibi yako nusura zipotee. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

Mayasa alichelewa shule. Mwalimu alipomuuliza sababu, alieleza yote.